Tarishi wa Baiskeli: Sekunde za Barabarani, Dakika za Lifti

Watu wakisikia kwamba niliwahi kuwa tarishi wa baiskeli, swali la kwanza huwa lilelile: uligongwa mara ngapi? Mara mbili, na moja kati ya hizo kosa lilikuwa langu. Hakuna aliyewahi kuniuliza nilipanda lifti ngapi, wala nilikaa dakika ngapi mbele ya meza ya mapokezi nikimsubiri mtu ashuke kutia saini. Anayeuliza hivyo atakuwa ameifanya kazi hii mwenyewe.

Nilibeba mizigo mgongoni kwa miaka minne. Hati za mahakamani, mikataba, sampuli za maabara ndani ya boksi lenye barafu, michoro ya wasanifu majengo iliyoviringishwa kwenye bomba la plastiki, funguo za nyumba zilizosahauliwa na, siku moja, kiatu kimoja cha mguu wa kushoto. Sikuuliza cha kulia kiko wapi. Tarishi haulizi.

Naandika haya kwa sababu naona ujuzi na ujasiri wa kazi ile vinachanganywa. Mtu anamwona kijana ameinamia usukani, anapenya kati ya basi na lori, nafasi yenyewe haizidi upana wa mabega yake, naye anashika kifua na kusema huyu hajipendi. Alichokiona ni nusu sekunde ya mwisho ya hesabu iliyoanza mita 50 nyuma. Na wakati mwingine, nikiri mapema, alichokiona ni upumbavu mtupu. Kwa aliyesimama pembeni ya barabara, viwili hivyo vinafanana kama mapacha.

Hesabu yenyewe ni hii. Kilomita 25 kwa saa, mwendo wa kawaida kabisa kwa tarishi, ni karibu mita 7 kwa sekunde. Macho yaone hatari, akili ielewe, vidole vifike kwenye breki: sekunde moja imekwisha na umeshapita mita 7 bila kupunguza chochote. Breki nzuri kwenye lami kavu zinataka mita 5 hivi nyingine mpaka usimame. Jumla mita 12, urefu wa basi zima la abiria. Sasa nitafutie mita 12 tupu katikati ya mji wakati wa msongamano. Hazipo. Anayetegemea breki peke yake ameshachelewa kabla hajaanza, kwa hiyo inabidi kuifupisha ile sekunde ya kwanza, na wepesi wa vidole hauifupishi. Inafupishwa na kukisia vizuri mwenzako atafanya nini kabla hajaamua.

Taa ya ishara ya gari ni kitu cha mwisho kutazama. Kuna madereva wanaoiwasha wakiwa wameshaanza kukata kona, na kuna wanaoisahau ikapepesa mtaa mzima. Gurudumu la mbele ndilo la kuaminiwa: likipinda hata upana wa kidole, gari linakuja upande huo, dereva apende asipende. Kabla ya gurudumu kuna kichwa cha dereva, ambacho hugeuka kidogo kuelekea anakotaka kwenda, nawe unakiona kupitia kioo chake cha pembeni. Kabla ya kichwa kuna mwendo. Gari linalopunguza mwendo pasipo sababu linatafuta namba ya jengo, maegesho au abiria. Teksi ikisimama, hesabu kwamba mlango utafunguka, na jiandae uwe ule wa upande wako. Gari dogo unatazama juu yake, gari kubwa unatazama chini yake, kwa sababu mtu anayetaka kuvuka akitokea nyuma ya gari kubwa huonekana viatu kwanza.

Lori ni somo peke yake. Likikata kona, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele. Yanakata kwa ndani zaidi. Ile nafasi pana iliyokuwa kati ya ubavu wa lori na ukingo wa barabara inafungwa kama mkasi, na dereva, aliyekaa juu kabisa, hana habari kwamba ndani ya mkasi kuna mtu. Kanuni yetu ilikuwa moja: nisipouona uso wake kwenye kioo chake, naye hanioni. Nimewaona matarishi wakongwe wakipenya mahali ambapo paka angefikiri mara mbili, lakini sijamwona hata mmoja akiingia ubavuni mwa lori lililosimama kwenye makutano. Hapo wote walisubiri nyuma, kimya, kama wanafunzi mstarini.

Kisha kuna kukata kona kwenyewe. Ukitaka baiskeli iende kushoto, usukani huanza kwa kwenda kulia. Ni kidogo mno, hujui kama umefanya. Wilbur Wright, ambaye kabla ya mambo ya ndege alikuwa akitengeneza na kuuza baiskeli pamoja na nduguye Orville, aliwauliza waendesha baiskeli wengi wanafanyaje wakitaka kukata kushoto, akakuta hakuna aliyewahi kugundua kwamba mkono wake huanza upande wa pili ili mwili uanze kuangukia upande unaotakiwa. Sisi ilitubidi tukifanye kitu hicho makusudi. Shimo likitokea ghafla, unausukuma mbele mkono wa upande unaotaka kwenda. Baiskeli inalala, unapita, unainuka. Nilifanya zoezi hilo wiki nzima kwenye uwanja mtupu, chupa ya plastiki ikiwa ndiyo shimo, na wiki nzima niliipiga chupa kwa sababu nilikuwa naitazama. Baiskeli huenda yanakokwenda macho. Ukilikodolea shimo, utaingia shimoni.

Mvua? Mvua kubwa sikuiogopa sana. Niliogopa dakika kumi za kwanza za manyunyu, wakati mafuta na vumbi la siku nyingi vinapanda juu ya lami na kuwa ute. Rangi nyeupe za vivuko, mifuniko ya chuma, reli za tramu, vitu ulivyovipita jana bila kufikiri, leo ni sabuni. Reli huvukwa kwa kuikata wima kama msalaba. Ukiivuka kwa mshazari, tairi jembamba linatumbukia kwenye mfereji wake na usukani haukusikii tena. Breki za kubana ringi nazo, ringi ikilowa, mzunguko wa kwanza zinafanya kazi ya kufuta maji tu, zinakushika baadaye. Ile mita 5 ya breki unaihesabu 10, unasali zisizidi.

Nikija kwenye baiskeli yenyewe, hapa wasomaji wasiopenda vyuma waruke aya mbili. Nilipoanza, kila mtu alinishauri nichukue isiyo na frii, ile ya mbio za uwanjani, ambayo gurudumu la nyuma likizunguka na pedali zinazunguka, upende usipende. Hakuna kupumzisha miguu mteremkoni. Faida zake ni kweli: vitu vichache vya kuharibika, hakuna waya wa giya wa kukatika, na unausikia mshiko wa tairi kwa nyayo zako, kiasi kwamba unapunguza mwendo kwa kuzipinga pedali tu. Mimi niliweka meno 48 mbele na 16 nyuma. Kila mzunguko mmoja wa pedali gurudumu linazunguka mara 3, kama mita 6.3 hivi, pedali 90 kwa dakika zinakupa kilomita 34 kwa saa. Nikajiona mfalme. Wiki chache baadaye tairi la nyuma, jipya kabisa, likatoboka mahali pamoja kama limekatwa na msumeno. Nikalaumu aliyeniuzia. Nikanunua jingine, likatoboka vilevile. Fundi aliponiona mara ya tatu akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe 48 inagawanyika kwa 16 bila kubakisha, 3 kwa 1, kwa hiyo kila nilipokaza miguu kuburuza gurudumu, miguu ikiwa mkao uleule, ni sehemu ileile moja ya tairi iliyokuwa ikisagwa. Akanibadilishia gia ya nyuma, akaongeza jino moja: 17. Meno 48 kwa 17 hayagawanyiki, na tairi likaanza kuburuzwa kwa zamu sehemu 17 tofauti. Jino moja tu. Hesabu ya shule haijawahi kunilipa haraka namna ile.

Wapo wanaojivunia kuendesha baiskeli hizo bila breki hata moja. Nina maoni yangu, na niliyapata siku niliyomsaidia mmoja wao kuokota simu, miwani na meno. Ukisimama kwa nguvu, uzito wote unahamia mbele. Gurudumu la nyuma linabaki jepesi, ukilipinga linateleza tu. Kinachosimamisha baiskeli ni breki ya mbele. Asiyekuwa nayo amezidisha zile mita 5 mara mbili kwenye lami kavu, halafu anakwenda kuendesha kwenye mvua. Mwite jasiri ukitaka. Mimi ningemwambia afanye tena hesabu.

Kusimama kwenye taa bila kushusha mguu nako watu hudhani ni maonyesho. Gurudumu la mbele umelipindisha kidogo, pedali zimelala usawa, unasogea mbele upana wa vidole viwili, unarudi, macho yametulia mbali. Kwa kweli kidogo ni maonyesho. Lakini taa ikiwaka kijani miguu tayari iko kazini, na zile mita za kwanza za makutano, ambapo kila gari linakimbilia nafasi yake, unazivuka kabla hawajaanza kugombana.

Sasa Karani.

Niliingia kazini nikiamini miguu ndiyo itakayonilipa. Mwezi wa kwanza nilivuka taa nyekundu kana kwamba ni mapambo. Kati yetu kulikuwa na mtu mzima mmoja, anakaribia miaka hamsini, tulimwita Karani kwa sababu ya penseli iliyoishi juu ya sikio lake. Kitambi kidogo. Baiskeli nzito ya chuma, yenye frii na kikapu mbele, aina ambayo vijana waliitazama kwa huruma. Alisimama kwenye kila taa. Nasema kila taa, hata usiku, hata barabara ikiwa tupu. Na jioni tulipokaa kuhesabu stakabadhi zilizotiwa saini, zake zilikuwa nyingi kuliko zangu.

Wiki ya kwanza nikasema mpangaji wa kazi anampendelea. Wiki ya pili nikasema vivyo hivyo, lakini kwa sauti ya chini. Kisha siku moja tukatumwa jengo moja, mimi ghorofa ya 14, yeye ya 9. Nilimpita barabarani kwa kishindo, nikafika dakika mbili nzuri kabla yake. Nikaifunga baiskeli mlango wa mbele, nikapanga foleni kwa mlinzi, nikaandika jina na saa kwenye kitabu, nikasubiri lifti pamoja na watu waliokuwa wakirudi kutoka mapumziko ya mchana, ikajaa, ikaondoka, nikasubiri nyingine, ikasimama ghorofa ya 2, ya 3, ya 5, ya 6. Nilipotoka nje jasho limekauka, kikapu chake hakikuwepo.

“Kaka, ulipita wapi?” nilimuuliza jioni.

“Kwa nyuma, mdogo wangu. Lifti ya mizigo.”

“Mimi mlinzi wa nyuma alinifukuza.”

“Ulimwitaje?”

Sikumbuki nilimwitaje. Pengine sikumwita chochote. Nilinyoosha bahasha tu nikapita. Karani akatoa daftari mfuko wa shati, daftari dogo lililovimba kwa unyevu, akanionyesha ukurasa wa lile jengo. Jina la mlinzi wa asubuhi na la mlinzi wa jioni. Mlango wa nyuma unafunguliwa saa ngapi. Lifti ipi ni mbovu na ipi haisimami ghorofa za chini. Ghorofa ya 9: mapokezi wanafunga saa saba mchana ijapokuwa kibao kinasema saa nane, dada wa dawati la pili anaruhusiwa kutia saini bosi asipokuwepo. Nguzo imara ya kufungia baiskeli iko wapi. Choo kiko wapi. Usicheke, tarishi asiye na ramani ya vyoo hana siku njema. Alikuwa na kurasa za namna hiyo, naamini, kwa kila jengo lenye ofisi katikati ya mji, na alipopata habari mpya alifuta kwa kifutio akaandika upya. Ndiyo maana ya penseli.

Na kulikuwa na mpangilio. Redio ya upepo inaita: chukua mbili hapa, moja kule, mbili za haraka, nyingine kabla ya saa kumi. Vituo 5 vinaweza kupangwa kwa njia 120. Vikiwa 8, njia 40,320. Hakuna kichwa cha mtu kinachopitia zote hizo kikiwa juu ya tandiko, na wala hazihitajiki zote, maana huwezi kupeleka usichokichukua. Sisi vijana tulianza na kituo kilicho karibu. Karani alianza na mlango mgumu: ofisi inayofunga mapema, jengo lenye foleni, mtu anayejulikana kwa kutoweka baada ya chakula. “Barabara haifungi saa kumi,” aliniambia, “ofisi zinafunga.” Vituo vyepesi alivipachika katikati, njiani, bila kuonekana kama anakwenda mahali popote.

Nikajipa jaribio. Wiki mbili nisimame kwenye kila taa, wiki mbili niruke kama nilivyozoea, mitaa ileile, mpangaji yuleyule. Sidai kwamba ni sayansi. Mvua haikunisaidia kuzigawa wiki sawasawa. Tofauti niliyoiona ilikuwa kazi moja kwa siku, na siku nyingine hata hiyo moja sikuipata. Lifti moja mbovu ilikula akiba yote ya taa nyekundu za asubuhi nzima. Jioni ya siku ya mwisho nilikaa na vile vikaratasi nikahisi kama mtu aliyepiga ngoma mwaka mzima halafu akaambiwa harusi ilikuwa nyumba ya pili.

Lakini kazi moja kwa siku ni kazi moja. Tulilipwa kwa kipande: bahasha imefika, saini ipo, unapata chako; haijafika, hupati. Kazi moja kwa siku ni zaidi ya 20 kwa mwezi, na mwenye kodi ya nyumba hadharau 20. Kampuni niliyoifanyia, ambayo sitaitaja, haikuniambia niruke taa hata siku moja. Kwenye ukuta ilibandika tangazo la kututaka tufuate sheria zote za barabarani. Ilichofanya ni kupanga malipo kwa kila bahasha, kuandika saa ya mwisho juu yake kwa kalamu nyekundu, na kutuandikisha kama watu waliojiajiri wenyewe. Baiskeli yako, kofia yako, mfupa wako. Kwa hiyo mtu akiniuliza ule ujasiri niliutoa wapi, namwambia sehemu kubwa niliuziwa kwa mkopo.

Haya si ya jana. Julai 1894, mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa reli nchini Marekani ulipozuia treni za California, mfanyabiashara wa baiskeli wa Fresno aitwaye Arthur Banta alianzisha posta yake ya baiskeli kati ya Fresno na San Francisco, waendeshaji wakipokezana njiani, umbali wa zaidi ya kilomita 300. Barua ya kawaida ya posta ilikuwa senti 2. Ya Banta ilikuwa senti 25. Haraka ilikuwa na bei, na harakaharaka hiyo hata stempu yake ilichapwa na jina la mji likikosewa, “San Fransisco”, kosa ambalo wakusanyaji wa stempu wanalichekelea hadi leo. Mwaka 1907, Jim Casey, kijana wa miaka 19 mjini Seattle, alianza biashara ya matarishi wa miguu na wa baiskeli pamoja na mwenzake Claude Ryan, kwa mkopo wa dola 100. Biashara hiyo ndiyo iliyokuja kuwa UPS, kampuni kubwa ya kusafirisha vifurushi. Baiskeli zao zilikwisha zamani; kuuza mwendo wa mtu mwingine hakukwisha.

Nisiwe mchungu kupita kiasi. Wapo ambao miguu iliwalipa kweli. Nelson Vails alikuwa tarishi wa baiskeli mjini New York, na mwaka 1984 alipanda jukwaa la Olimpiki ya Los Angeles kupokea medali ya fedha katika mbio fupi za uwanjani, Mmarekani mweusi wa kwanza kupata medali ya Olimpiki katika baiskeli. Tulikuwa na picha yake ukutani, karibu na lile tangazo la sheria. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1987, meya wa mji uleule, Ed Koch, akatangaza kupiga marufuku baiskeli katika barabara tatu kubwa za katikati ya Manhattan, Fifth, Madison na Park, siku za kazi, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Matarishi wakaandamana. Mahakama ikaitupa ile amri kwa sababu mji haukutoa tangazo kwa umma kwa utaratibu unaotakiwa. Yaani watu walioshutumiwa kwa kuruka taa nyekundu waliokolewa na serikali ya mji iliyoruka ya kwake.

Kugongwa kwangu, basi, maana najua mnasubiri.

Kule kwa kosa langu ni kufupi. Taa nyekundu, gari dogo, ringi ya mbele ikawa umbo la nane. Mimi nilichubuka tu. Aliyekuwa akiendesha ni mama mmoja, akashuka, akawa ananiuliza kama nimeumia huku mikono yake inatetemeka kiasi cha kushindwa kushika simu. Nilimwambia ni mimi mwenye makosa, akaendelea kuomba radhi. Katika hesabu zangu zote za mita na sekunde sikuwahi kumweka mtu kama yeye, aliyetoka kwake asubuhi bila kukubali kushiriki mchezo wangu. Ringi niliibadilisha siku ileile. Ile mikono naikumbuka mpaka sasa.

Kwingine ni mlango. Mlango wa gari ukifunguliwa wote hula karibu mita nzima ya barabara. Ukiendesha mita moja na nusu mbali na magari yaliyoegeshwa hauugusi, na hilo nilikuwa nikiwafundisha wageni wa kazi kwa kidole kilichonyooshwa. Siku ile basi lilikuwa nyuma yangu, dereva ameiegemea honi, nami nikajisogeza pembeni kumpisha, kwa adabu. Mlango ukafunguka mbele yangu kama ukurasa. Nilianguka nimelikumbatia begi, ndiyo maana bega ndilo lililopokea lami. Mtulinga ukavunjika. Wiki sita bila kuendesha, na kwa kuwa tulikuwa tumejiajiri wenyewe, wiki sita bila kitu. Karani alikuja kunitazama na mfuko wa machungwa. Hakunihubiria. Aliniuliza tu kama ile bahasha ilikuwa na saa ya mwisho, nikamwambia hapana, ilikuwa ya kawaida.

Nilirudi kazini nikaendesha miaka miwili mingine, na hiyo ndiyo miaka niliyoijua kazi kweli. Nilinunua daftari. Nilisimama kwenye taa nyingi, si zote, sitaki kuwadanganya. Nikaanza kuona mji kama Karani alivyouona, vituo na milango badala ya barabara.

Mara moja nilishiriki yale mashindano ya mitaani ya matarishi, ambayo jina lake la Kiingereza linawataja paka wa vichochoroni. Mchezo huo ulianza Toronto mwaka 1989, na mwaka 1993 Berlin ikaandaa mashindano ya kwanza ya dunia ya matarishi. Unapewa karatasi ya vituo, njia unajichagulia mwenyewe. Filimbi ilipolia tukaruka juu ya baiskeli zaidi ya thelathini, kelele, vumbi. Aliyeshinda ni dada mmoja aliyebaki amekaa kwenye ukingo wa barabara na kalamu yake, anachora mistari kwenye ile karatasi, wakati sisi tumeshapotea kona ya kwanza. Karani hakuja. Alisema Jumamosi hafanyi kazi bila malipo.

Kazi yenyewe imepungua sana. Faksi ilianza kuinyofoa, barua pepe ikaila, saini za kwenye kompyuta zikamalizia mifupa. Wanaoendesha kwa kasi mjini sasa wengi wao wamebeba chakula, na programu ya simu inawachagulia njia, inawahesabia dakika, inawalipa kwa kipande vilevile. Nikiwaona naitazama ile skrini ndogo kwenye usukani wao. Inajua kila barabara ya mji. Lifti ya mizigo haiijui, wala jina la mlinzi wa jioni, na anayelaumiwa chakula kikipoa ni yule aliyesimama ghorofa ya chini akisubiri.

Mimi siku hizi napanda magari ya wenzangu zaidi kuliko baiskeli. Na nikitaka kushuka siufungui mlango kwa mkono ulio karibu nao. Naupeleka ule wa mbali, unavuka kifua, kiwiliwili kinageuka chenyewe na macho yanaangukia barabara ya nyuma kabla kitasa hakijalia. Uholanzi huwafundisha watu kufungua hivyo. Nyumbani kwangu wote wamezoea, hata mwanangu wa miaka sita, ambaye kabati la nguo pia hulifungua kwa mkono wa mbali, amegeuka, anahakikisha kwanza kwamba hakuna baiskeli inayokuja.